Binti Anataka Sosholojia, Baba Anauliza Kazi

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya kuwafundisha watoto Kiswahili wakati wa likizo. Ahadi iko palepale, ila naomba ingoje kidogo. Nimepata barua ya dada mmoja wa huku Uingereza, upande wa kaskazini, na kwa ruhusa yake naijibu hapa mbele yenu, maana najua nyumba yenye mvutano huu si yake peke yake.

Binti yake ana miaka 17. Anataka kwenda chuo kikuu kusoma sosholojia. Baba yake, anayeendesha teksi usiku na kulala mchana, amekataa. Anataka asome uuguzi, au uhasibu, au ufamasia, kitu chenye kazi mwisho wake. "Sosholojia ni kusoma watu," kamwambia. "Watu mimi nawasoma kila usiku ndani ya gari, tena wananilipa." Dada anasema alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kwa sababu hakuwa na la kumjibu. Na juu ya hilo kuna mkopo wenye riba, ambao mume wake hataki hata kuusikia. Anamaliza kwa kuniuliza: "Nisimame upande wa nani?"

Nianze na baba, kwa kuwa sipendi tabia yetu waandishi ya kumfanya baba wa Kiswahili kuwa mtu asiyejua kitu. Huyu anazijua hesabu zake. Ada ya chuo kikuu hapa England kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025 ilikuwa hadi pauni 9,535. Zidisha kwa miaka mitatu, ni pauni 28,605, na hapo hujalipa chumba wala chakula, ambavyo navyo wengi huvikopea. Walioanza chuo tangu Agosti 2023 watakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango kilichoanzia pauni 25,000 kwa mwaka, na makato hayo yanaweza kuendelea miaka 40. Msichana anayeanza kulipa akiwa na miaka 22 anaweza kuwa bado analipa akiwa na wajukuu. Mtu akiambiwa atie saini ya deni la namna hiyo, kuuliza "litamletea nini?" ni wajibu wake kama mzazi.

Na la riba pia si ukaidi. Masheikh wametofautiana juu ya mkopo huu, na kila familia ina wa kumuuliza. Ninalotaka msomaji alijue ni kwamba serikali yenyewe ilikwisha kukiri kuwa tatizo lipo. Mwaka 2013 Waziri Mkuu David Cameron alilizungumzia hadharani, 2014 wananchi wakaombwa maoni, na 2017 Bunge likapitisha sheria inayoruhusu mkopo usio na riba. Mwaka 2025 ulifika bado mlango wa mkopo huo haujafunguliwa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ahadi inatolewa amekwisha kufika umri wa kujaza fomu za chuo. Najua vijana wa Kiislamu walioacha kabisa kwenda, na wengine waliokwenda huku mama zao wakiuza vyombo vya dhahabu.

Sasa, huko nyuma mambo hayakuwa hivi. Kwa sheria ya 1962, halmashauri za huku zililipa ada za vijana waliopata nafasi chuoni, na wenye wazazi wa kipato kidogo walipewa na pesa za kujikimu. Ada ya pauni 1,000 ilianza 1998. Januari 2004 Bunge lilipiga kura kuipandisha hadi 3,000, na hoja ile ilipita kwa tofauti ya kura tano tu. Desemba 2010 likapiga kura tena, na tangu 2012 ada ikaruhusiwa kufika 9,000. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri, maana kulikuwa na jambo jingine lililofanyika pamoja nayo, ambalo halikupigiwa kelele sana. Serikali iliendelea kuvipa vyuo fedha za kufundishia udaktari, sayansi na uhandisi. Ruzuku ya kufundishia sosholojia, historia, fasihi na nyingine za jamaa hiyo ikaondolewa karibu yote. Gharama ikamwangukia mwanafunzi.

Maana yake ni nini? Daktari akisomeshwa, nchi nzima inafaidika, kwa hiyo nchi ichangie. Anayesoma mambo ya jamii ananunua kitu chake mwenyewe, kama mtu anayenunua sofa. Hakuna waziri aliyetamka hivyo kwa maneno haya, lakini bajeti ilitamka. Na hapo ndipo baba wa binti huyu na serikali ya Uingereza wanapokutana, ingawa hawajuani: wote wawili wanauliza elimu hiyo itamletea nini yule anayeinunua. Swali la pili, kwamba itatuletea nini sisi wengine tusioinunua, halina wa kuliuliza.

Niliulize mimi, na nilijibu kwa kitu ambacho kina mama wengi wanaonisoma kutoka Uingereza wanacho kwenye akaunti zao. Pesa za watoto, ile Child Benefit. Katika mwaka wa fedha ulioanza 2025 zilikuwa pauni 26 na senti 5 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza. Zimetoka wapi hizo? Wengi wetu tumezikuta, tukadhani ni desturi ya nchi kama chai ya maziwa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kule Liverpool, alikuwako mwanamke aitwaye Eleanor Rathbone. Bandari ya Liverpool wakati ule ilikuwa ikiendeshwa kwa vibarua. Asubuhi wanaume wanasimama getini, mnyapara anachagua, aliyeachwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wa Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Matajiri wa meli walijua kila kitu kuhusu mizigo: tani ngapi, gharama gani, saa ngapi. Mke wa kibarua anaishije wiki ambayo mume hakuchaguliwa, hilo hawakulijua, na hawakuwa na sababu ya kulipia kulijua. Rathbone na wenzake walikwenda kuuliza. Familia ziliombwa ziweke hesabu za kila kilichoingia na kila kilichotoka: mkate, makaa, kodi ya nyumba, deni la dukani. Matokeo yalichapishwa 1909.

Halafu vita kuu vya kwanza vikaja, na wake wa askari wakawa wanalipwa posho na serikali, na posho huongezeka kadiri watoto walivyo wengi. Rathbone alishiriki katika kazi ya kuzigawa pale Liverpool. Akaona jambo ambalo mama yeyote angeweza kumwambia, lakini halikuwa limeandikwa popote pa kulisomea Bungeni: pesa ikimfikia mama mkononi kila wiki, bila kungoja mnyapara, watoto wanashiba. Mwaka 1924 akatoa kitabu kizima, The Disinherited Family. Hoja yake nitaieleza kwa lugha yetu. Soko la kazi linalipa mikono, halihesabu midomo. Kapera na baba wa watoto sita wakibeba gunia moja, wanapata ujira mmoja. Soko halina ubaya wa makusudi hapo, ila halina jicho la kuwaona wale watoto sita. Basi jicho hilo lazima litoke pengine.

Lilichukua miaka 21. Rathbone mwenyewe aliingia Bungeni 1929, akiwa mbunge wa kujitegemea, kwa kiti kilichopigiwa kura na wahitimu wa vyuo vikuu kadhaa vya England, maana enzi zile vyuo vilikuwa na viti vyao. Mwaka 1945 sheria ya posho za familia ikafika, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Na hata hapo muswada ulitaka pesa alipwe baba! Mama yule, mzee tayari, akapigana mara ya mwisho, na Bunge likakubali alipwe mama. Alifariki Januari 1946. Malipo ya kwanza yalitoka Agosti mwaka huohuo. Mtoto wa kwanza naye akaingizwa tangu 1977, ilipokuja Child Benefit tuliyo nayo, na kazi hiyo nayo ilisukumwa na watafiti. Mwaka 1965 Brian Abel-Smith na Peter Townsend walionyesha kwa takwimu kwamba umaskini haujakwisha Uingereza kama watu walivyodhani, na mwaka uleule kikaundwa Child Poverty Action Group, chama cha kutetea watoto maskini.

Kwa hiyo dada yangu, mume wako akiuliza tena kusoma watu kunaleta nini, mwambie sehemu ya maziwa ya huyo binti alipokuwa mchanga ililetwa na kusoma watu. Na angalia nani asingelipia utafiti ule. Wenye meli wasingelipia. Wake za vibarua wangeutaka, lakini hawakuwa na senti ya kuununua. Hii ndiyo shida ya elimu ya jamii sokoni: wanaoihitaji zaidi ndio wasio na uwezo wa kuwa wateja.

Msomaji mwerevu atanisimamisha hapa. Rathbone alikuwa binti wa ukoo wa wafanyabiashara matajiri. Charles Booth, aliyefanya utafiti mkubwa wa umaskini wa London mwishoni mwa karne ya 19 na kukuta karibu theluthi moja ya watu ni maskini, alikuwa mwenye meli, na gharama alizitoa mfukoni mwake. Seebohm Rowntree aliyepima umaskini wa mji wa York alitoka kwenye kiwanda cha familia cha chokoleti. Si fedha za soko hizo? Ni kweli kabisa, nami sitaki kuficha. Biashara inaweza kulipia elimu nzuri. Lakini watu wale walichapisha. Kitabu cha Booth alikuwa huru kukisoma adui yake, mbunge, kasisi, na kibarua aliyejua kusoma. Waliotaka kubisha takwimu zake walibisha. Fedha zilitoka dukani, ila jibu halikurudi kufungiwa dukani.

Sasa nisogee nyumbani kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu mambo haya ya soko la vyuo yalitufika kabla hata ya ada za pauni elfu tisa za hapa England.

Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzishwa 1922, kilisomesha vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika wakati hakuna chuo kikuu kingine. Miaka ya 1990, serikali ikiwa haina fedha na wakopeshaji wakishauri hivyo, kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, mchana na jioni. Katika miaka michache wenye kujilipia wakawa wengi kuliko wa serikali, na Makerere ikasifiwa kuwa mfano wa kuigwa. Wakenya wanaonisoma watakumbuka Nairobi ilivyofuata njia hiyo tangu 1998, na wengine mna shahada zake ukutani, nami sizidharau. Bila mpango ule wengi msingeliona darasa.

Aliyekaa chini akauchunguza mfano huo ni Mahmood Mamdani, Mganda mwenye asili ya Kihindi aliyewahi kufundisha Dar es Salaam na Makerere yenyewe. Kitabu chake, Scholars in the Marketplace, kilitoka 2007. Anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni chuo kupokea wanafunzi wa kulipa, hilo halimtishi. La pili ni chuo kujipanga upya chote ili kufuata wenye kulipa: idara zinashindana kubuni kozi za kuvutia wateja, kila moja inalinda mapato yake, na mwalimu anafundisha asubuhi mpaka usiku hata muda wa kusoma kitabu kipya hana. Hapo, anasema, ndipo chuo kinapoharibika ndani ilhali nje majengo yanang'aa.

Baadaye Mamdani alirudi kuiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, iliyoanzishwa 1948, akakuta jambo la pili linalonigusa zaidi mimi. Watafiti walikuwa wamegeuka washauri wa kukodiwa. Mfadhili anakuja na swali lake, pengine la mradi wa visima au chandarua, anataka jibu baada ya miezi mitatu. Mtafiti analitafuta, analipwa vizuri, ripoti inakwenda Washington au Geneva. Kosa si kujibu swali la mtu. Kosa ni kwamba nchi nzima inabaki haina mtu wa kuuliza swali lake yenyewe. Hata hayo masuala ya visima: nani aliyesema tatizo la kijiji hiki ni kisima? Huenda wanakijiji wangesema ni ardhi. Lakini ardhi haikuwa kwenye mkataba.

Nimesema linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Wengi mnajua mimi ni mkalimani, hospitalini na katika ofisi za halmashauri. Kutwa nawatafsiria watu wetu maswali yaliyotungwa na mtu mwingine mahali pengine. "Una watu wangapi wanaokutegemea?" Mama wa Kikongo ananitazama. Wanaomtegemea hapa ni watatu. Bukavu ni kumi na mmoja, na kila mwezi anawatumia. Fomu inataka watatu. Najaza watatu. Kisanduku cha "Mwafrika" kinamweka pamoja na Mnigeria na Msomali, na jirani yangu wa Unguja aliyelelewa Muscat alikuwa hajui ajiweke wapi hadi sensa ya 2011 ilipoongeza kisanduku cha "Mwarabu", na hata sasa ana mashaka. Mtu atasema ni visanduku tu. Lakini shule ipewe walimu wangapi wa lugha na zahanati ipewe wakalimani wangapi huamuliwa kwa visanduku hivyohivyo, na mtu anayetunga visanduku lazima awe amesomea mahali fulani kuwatazama watu na kuuliza vizuri. Natamani mmoja wao awe anajua kwamba Bukavu ipo.

Na msidhani hakuna anayejua juu ya wale kumi na mmoja. Kampuni ya kutuma pesa inajua. Inajua kiasi gani, siku gani, kwa nani, na inajua kwamba Ramadhani na mwezi wa kufungua shule kiasi huongezeka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku hizi ni programu ya simu. Mama wa Bukavu yule, halmashauri haimjui, chuo kikuu hakimjui, mbunge wake hamjui. Anayemjua vizuri kabisa ni anayemkata ada ya kutuma.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema soko halitaki elimu ya jamii. Linaitaka sana! Linaitaka iwe mali yake.

Wakenya mnaijua hadithi ya Cambridge Analytica, lakini niisimulie kwa faida ya vijana. Kampuni hii ya London ilijitangaza yenyewe kwamba kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2013 ilihoji watu 47,000, ikawauliza wanahitaji nini na wanaogopa nini. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ilionyesha wakubwa wa kampuni, waliorekodiwa kwa kamera ya siri, wakijigamba jinsi walivyofanya utafiti, kuandika hotuba na kukipamba upya chama tawala katika chaguzi za 2013 na 2017. Kiongozi mmoja wa chama cha Jubilee alisema waliikodi kampuni mama kwa kazi ya kutengeneza sura ya chama tu. Miezi miwili baadaye kampuni ilifungwa, kwa kashfa kubwa zaidi ya taarifa za watu wa Facebook.

Sisemi kampuni ile ndiyo iliyoshinda uchaguzi. Wauzaji hujisifu, na Wakenya si vikaragosi. Nawaomba tu mlinganishe. Watu 47,000 wanaulizwa shida zao na hofu zao: ajira, ukabila, usalama. Ni kazi ileile ya Rathbone, milango ileile inabishwa, maswali yanafanana. Lakini Kisumu au Kilifi hakuna aliyepata kuisoma ripoti. Hakuna mbunge wa upinzani aliyeweza kuibisha, wala mwalimu aliyeifundisha darasani. Majibu yaliyotoka vinywani mwa wananchi yalirudi kwao kama matangazo. Na demokrasia, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, inahitaji angalau watu wajue juu yao wenyewe kiasi kile anachojua anayewaomba kura.

Nitaje mtu mmoja zaidi kabla sijarudi kwenye barua, kwa kuwa ni mhamiaji mwenzetu. Karl Polanyi alizaliwa Vienna, akakulia Budapest, na 1933 akakimbilia Uingereza hali ya siasa ilipomtisha. Hakupewa kiti chuo kikuu. Alipata riziki kwa kufundisha madarasa ya jioni ya Workers' Educational Association, jumuiya ya kusomesha wafanyakazi iliyoanza 1903, akizunguka miji midogo ya Kent na Sussex kuwaeleza watu waliotoka kazini historia ya uchumi wa nchi yao. Maandalizi ya masomo yale ndiyo yaliyozaa kitabu chake cha 1944, The Great Transformation. Humo anasema kuna vitu ambavyo havikutengenezwa ili viuzwe, kama ardhi, nguvu ya mtu na fedha yenyewe, na kwamba jamii ikiviachia soko litende litakalo, huumia hadi ijitetee kwa njia nzuri au mbaya. Wengine baada yake wameongeza maarifa kwenye orodha hiyo. Mimi hupenda zaidi namna kitabu kilivyopatikana: mkimbizi mwenye lafudhi, mbele ya wafanyakazi waliochoka, usiku. Jumuiya ile bado ipo, na najua kina mama wa Kiswahili waliojifunzia Kiingereza humo.

Haya, dada. Umeniuliza usimame upande wa nani. Simama upande wa binti, lakini umchukulie swali la baba yake aende nalo, maana ni swali zuri likielekezwa panapostahili.

Siku ya kutembelea chuo asiangalie bweni na ukumbi wa mazoezi tu. Aulize: mnafundisha takwimu kwa miaka mingapi? Sosholojia isiyo na hesabu humwacha kijana na maoni mengi na kazi chache, na hapo baba atakuwa amesema kweli. Aulize walimu wangapi wana ajira ya kudumu, na wangapi ni vibarua wa saa. Msishangae kusikia kwamba vibarua wa Liverpool sasa wana shahada ya uzamivu. Aulize kama anaweza kuchanganya na somo jingine, kama uchumi, sheria au afya ya jamii. Vyuo vingi vinaruhusu. Aulize waliomaliza wako wapi. Atasikia halmashauri, idara ya takwimu, mashirika ya nyumba, ualimu, magazeti. Atasikia pia kampuni za matangazo na za data, zinazolipa kuliko wote, na baba asifurahi mapema. Siku ya kuamua jibu analolijua alifungie wapi itamfika akiwa peke yake, na ningependa awe amewahi kulisikia jina la Eleanor Rathbone.

Kuhusu riba, siwezi kuamua ndani ya nyumba yako. Kaeni na sheikh mnayemwamini, mumpelekee karatasi za mkopo wenyewe, zenye masharti, asijibu kwa kusikia tu. Jambo moja ninalolijua: mkopo huu haulipwi mtu akiwa chini ya kiwango cha kipato, na husamehewa muda ukiisha. Baadhi ya masheikh huuona hilo ni jambo la kuzingatiwa, wengine hapana. Open University nayo iangalieni, mtu husoma huku akifanya kazi na kulipa kipande kipande, ingawa huchukua miaka mingi zaidi. Na mwandikieni mbunge wenu kuuliza mkopo wa sheria ya 2017 uko wapi. Niliandika mimi, nikajibiwa kwa barua ya heshima isiyo na tarehe yoyote ndani yake. Barua hamsini zitakuwa ngumu zaidi kujibiwa hivyo.

Ukishindwa kabisa na mume wako, mpe salamu zangu na umwambie nimependa maneno yake ya ndani ya teksi. Ningefurahi ayaandike: abiria wa saa nane usiku ni nani, wanatoka kazi gani, wanalalamikia nini. Dereva mmoja mwenye daftari kwa mwaka mzima ataujua mji ule kuliko halmashauri yake, na binti yake atakuwa na mahali pa kuanzia.

Maombi ya vyuo hufungwa Januari, msicheleweshe. Mwezi ujao, inshallah, Kiswahili cha likizo. Walio na michezo ya maneno waliyocheza utotoni wanitumie, hasa ya Pemba na Lamu, ambako sina hata mmoja.